Mizani ya Hewa ya Ukaa: Sulhu baina ya Mzalishaji na Mwenye Duka

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tunakuusieni nanyi na nafsi zetu kumcha Mola katika ibada na katika biashara. Kwani wako miongoni mwetu wanaouacha ucha Mungu juu ya mkeka wa msikiti, wakaenda dukani bila yake.

Leo tunazungumzia hewa ya ukaa, itokayo pale makaa, mafuta na gesi vichomwapo, nayo ndiyo iitiayo dunia joto. Kwamba ipunguzwe, wenye kuzalisha na wenye kuuza wanakubaliana. Wanagombana juu ya nani ahesabiwe na nani alipe.

Mwaka 2007 maduka makubwa ya Uingereza, Tesco na Marks & Spencer miongoni mwao, yalianza kubandika alama ya ndege juu ya vyakula vilivyosafirishwa kwa ndege. Wazalishaji wa Kenya wakalalamika, nasi twaona walikuwa na haki, kwani alama ile ilihesabu safari peke yake. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Cranfield kilipima mawaridi 12,000 yaendayo soko la Uingereza. Ya Kenya, pamoja na safari yake ya ndege, yalitoa kilo zipatazo 6,000 za hewa hiyo. Ya Uholanzi, yaliyokuzwa katika nyumba za vioo zipashwazo moto, yalitoa kilo zipatazo 35,000. Ni haki tuseme kuwa uchunguzi huo uliagizwa na mfanyabiashara wa maua. Lakini sababu yake haifichiki: Naivasha jua halilipiwi. Na waridi la Uholanzi, kwa kuwa halikupanda ndege, lisingestahili alama ile.

Katika Sura ya Al-Mutaffifin Mola amewaonya vikali wanaotaka kipimo kamili wapokeapo, na wakawapunja wenzao wakati wa kutoa. Zamani punjo ilikuwa katika pishi ya nafaka. Leo yaweza kuwa katika kijikaratasi. Wala tusimpendelee mzalishaji kwa kuwa ni wa kwetu. Achomaye dizeli usiku kucha katika jenereta, kisha akaandika kuwa anatumia jua, naye ni mpunjaji.

Zito zaidi ni gharama. Mwaka 2017 Walmart ya Marekani iliwataka wanaoiletea bidhaa washiriki kupunguza tani bilioni moja za hewa chafu kufikia mwaka 2030. Kutaka hivyo ni jambo jema. Lakini mwenye kiwanda aambiwaye abadili mitambo, na bei yake ikabaki ileile, atazitoa wapi fedha? Tunachelea atazitoa katika ujira wa wale kina mama wanaosimama tangu asubuhi wakifunga mashada. Hapo dhambi ya mkubwa itakuwa imelipwa na mnyonge.

Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha kupatanisha, tena kwa uadilifu. Basi na achaguliwe mpimaji mmoja aridhiwaye na pande zote mbili, ahesabu tangu mbolea shambani hadi jokofu la dukani. Hili halifanywi na mmoja: Tesco iliahidi mwaka 2007 kuandika kiasi cha hewa juu ya kila bidhaa, ikaacha mwaka 2012, kazi ikiwa kubwa na maduka mengine yasiifuate. Masharti yaandikwe kabla ya bei kukatwa. Kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Na mwenye duka atakaye mitambo mipya aongeze bei, au afunge mkataba wa miaka kadhaa, ili mwenziwe apate kukopa na kulipa pasi na kumgusa kibarua.

Tunayasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote.