Lawama Haziandiki Mtu Kazi



Tunawashukuru kwa kutualika tuzungumze juu ya ukosefu wa kazi. Mngeweza kumwita mwanauchumi, naye angekuja na takwimu zake. Mmewaita wanasheria, nasi tunaamini hamkukosea. Maana katika nchi yetu swali la kazi limegeuzwa kwa muda mrefu kuwa swali la nani alaumiwe, na lawama ni kitu tunachokijua. Kila siku mahakamani tunalazimika kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani shutuma na shtaka. Shutuma hutupwa hewani, na yeyote aweza kuiokota. Shtaka lina jina la mtu, lina tarehe, lina kifungu cha sheria, lina kiasi cha fedha, na anayeshtakiwa hana budi kujibu. Yote tutakayoyasema leo yanatokana na tofauti hiyo.

Wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sisi tulio katika umri wa miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto Desemba 1991, Kifungu cha 2A kilipofutwa na nchi yetu ikarudi kwenye vyama vingi. Mwezi mmoja kabla ya hapo, wafadhili waliokutana Paris walikuwa wamesimamisha misaada mipya hadi waone mageuzi ya uchumi na ya siasa. Basi kijana aliyemaliza masomo wakati ule akakosa kazi alipewa majibu mawili. Wenye serikali walimwambia awalaumu wapinzani, waliotuchongea kwa wageni. Wapinzani walimwambia ailaumu serikali, kwani ikiondoka tu kazi zitakuja. Kila upande ulishika kipande cha ukweli. Lakini hakuna upande uliomketisha kijana huyo chini ukamfunulia hesabu.

Na hesabu ilikuwepo. Mnamo miaka ya 1990 hadi 1993, kampuni ya Goldenberg ililipwa kutoka katika hazina ya umma fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi iliyodai kuziuza ng'ambo, ilhali kiwango cha kawaida cha sheria kilikuwa asilimia 20, na ilhali Kenya haina hata machimbo ya almasi. Wakati huohuo fedha nyingi zilimwagwa sokoni karibu na uchaguzi wa Desemba 1992. Mwaka 1993 bei za bidhaa zikapanda kwa karibu asilimia 46. Ili kuzivuta fedha hizo zirudi, serikali ikaanza kukopa kwa hati za Hazina ambazo riba yake ilipita asilimia 70. Sasa jiulizeni: mwenye fedha atazipeleka wapi? Atajenga kiwanda, aandike watu, ahangaike na mashine na umeme, au atazikopesha serikali na kulala usingizi? Na mwenye kiwanda kidogo aliyehitaji mkopo wa kununua malighafi, angeweza kuulipa kwa riba gani? Hivyo ndivyo wizi wa karatasi, uliofanyika katika ofisi zenye mazulia, ulivyofika mpaka kwa fundi wa cherehani ambaye hakuwahi kusikia jina la kampuni ile.

Haki inatutaka tuseme pia yaliyo upande wa pili. Si kila kazi iliyopotea iliibiwa na mtu wa hapa. Miaka ileile ya 1990 masharti ya wakopeshaji wa kimataifa yalifungua milango ya forodha kwa haraka, na nguo za mitumba zikajaa masoko yetu. Viwanda vya nguo vikadhoofika, na wakulima wa pamba wakakosa mnunuzi. Kiwanda cha Rivatex kule Eldoret kilianguka, na hatimaye kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Tangu 1993 watumishi wa serikali wa vyeo vya chini nao walihimizwa kustaafu mapema kwa hiari, wengi wao wakarudi nyumbani na kiinua mgongo ambacho hakikudumu. Anayesema ufisadi peke yake ulitufikisha hapa hajasema yote. Anayesema wageni peke yao hajasema hata nusu, kwa sababu waliotia sahihi masharti hayo kwa niaba yetu walikuwa na majina na ofisi.

Ndugu wapendwa, tungeweza kuishia hapo kama lawama isiyo na hesabu ingekuwa upuuzi tu. Lakini lawama ya namna hiyo ni hatari. Isipompata mwenye kosa, humtafuta jirani.

Kumbukeni Likoni. Kwa miaka mingi vijana wa Pwani walikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu ardhi, na kuhusu kazi za bandarini na za hotelini ambazo waliona zikiwapita. Malalamiko hayo yalihitaji kupelekwa kwa waliogawa ardhi na kwa waliosimamia ajira. Badala yake vijana walielekezwa kumtazama mtu wa bara anayepanga chumba cha pili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kuchukua silaha. Na katika siku na majuma yaliyofuata zaidi ya watu mia moja waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbia makwao. Na je, kijana wa Pwani alipata kazi? Watalii waliacha kuja, hoteli zikafungwa au zikapunguza watu, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza mshahara, wa pwani na wa bara pamoja. Wapishi, wapiga picha wa ufuoni, wachonga vinyago, wauza samaki na madereva wa teksi, wote walilipia chuki ambayo hawakuipanga. Tangu siku hiyo hakuna mtu awezaye kutuambia kwamba kumfukuza jirani hufungua nafasi ya kazi.

Sasa tuseme lililo gumu zaidi, kwa maana linatuhusu sisi wenyewe. Mwaka 2002 wengi wa waliokuwa katika harakati waliunga mkono Muungano wa NARC, nao uliahidi nafasi 500,000 za kazi kila mwaka. Tulipiga makofi. Uchumi ulikua kweli katika miaka iliyofuata, hatuwezi kukana. Lakini wengi waliopata riziki waliipata katika jua kali na uchuuzi, na tulipouliza kuhusu ahadi ile tulisikia kutoka kwa marafiki zetu majibu yaleyale tuliyoyakataa kwa wapinzani wetu: tuliurithi uchumi ukiwa umevunjika, kuna maadui wa maendeleo, subirini. Ahadi ni deni, nasi hatukuidai kama deni, kwa kuwa aliyekuwa nalo alikuwa mwenzetu. Baada ya ghasia za uchaguzi za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, wapatanishi waliandika ukosefu wa kazi kwa vijana katika Ajenda ya Nne, miongoni mwa mizizi ya msiba ule. Mzizi huo tulikuwa tumeuona, tukaufunika kwa majani ya uchaguzi.

Leo hali i vipi? Hesabu za Shirika la Taifa la Takwimu zinaonyesha kwamba katika kila kazi kumi nchini, zaidi ya nane ziko katika sekta isiyo rasmi. Maana yake ni mama wa mboga, ni kijana wa bodaboda, ni mtu wa mjengo anayesubiri kuchaguliwa langoni asubuhi. Hatuzidharau kazi hizi. Ndizo zinazosomesha watoto wetu. Lakini tunajua kwamba wengi wanaozifanya hawana mkataba, hawana likizo ya ugonjwa, wala hawana pensheni.

Juni 2024 vijana walitoka mitaani kuupinga Mswada wa Fedha. Baadhi ya wakubwa walisema vijana hao wamefadhiliwa na wageni. Mwaona jinsi wimbo wa 1991 ulivyodumu. Wengine walipigwa risasi wakafa, na damu yao haijakauka mioyoni mwa wazazi wao. Lakini angalieni jambo moja walilolifanya vijana wale ambalo wazee wao hatukulifanya 2002. Waliusoma mswada. Waliuchambua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakawauliza wabunge kwa majina yao walivyopiga kura. Hawakuleta shutuma; walileta shtaka. Na tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi.

Sheria tunayo. Kifungu cha 55 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ichukue hatua ili vijana wapate ajira. Kifungu cha 232 kinataka watumishi wa umma waajiriwe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili, wala si kwa barua ya mjomba. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Na Kifungu cha 226 kinasema kwamba mwenye ofisi ya umma akiidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria, atawajibika kwa hasara hiyo hata akiwa ameondoka ofisini. Someni maneno hayo mara mbili. Yanatupa jina, ofisi na kiasi cha fedha.

Hatusemi kwamba serikali hufinyanga kazi kama mfinyanzi afinyangavyo chungu. Lakini serikali inaweza kuziua kazi, na inaweza kuacha kuziua. Sheria ya ununuzi imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana akipewa zabuni ya madawati, akakopa, akawaandika mafundi wanne, akaleta madawati, kisha akakaa miaka miwili bila kulipwa, basi ofisi hiyo imewafukuza kazi watu watano. Serikali kuu na za kaunti zinadaiwa na watu wa namna hii mamia ya mabilioni ya shilingi.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia, kila kanisa na kila kikundi cha haki kifanye mambo matatu. Kwanza, teueni watu watano wa kusoma bajeti ya kaunti yenu. Sheria inataka makadirio yafikishwe katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili. Watu wenu wawe wameyaomba kwa maandishi kabla Mei haijapita. Pili, ulizeni orodha ya madeni ambayo kaunti haijalipa, na muulize ni nani anayelipwa mwanzo na kwa nini. Tatu, mgombea yeyote atakayeahidi kazi, awe wa chama chao au wa chama chetu, aandike chini ni kazi ngapi, wapi, kwa fedha zipi, na kufikia lini. Nanyi muihifadhi karatasi hiyo. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano kwamba waajiri binafsi wangeongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15, nao wafanyakazi wasidai nyongeza ya mshahara kwa muda. Mapatano hayo hayakumaliza ukosefu wa kazi, lakini yalikuwa na tarakimu, na mtu aliweza kuuliza yametimizwaje.

Tumalizie kwa mfano mnaoujua kuliko sisi. Mwenye shamba la mizabibu alitoka jioni akakuta watu wamesimama bure sokoni. Alipowauliza sababu, walimjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hakuwaita wavivu, wala hakuwauliza kabila lao, aliwapeleka shambani. Vijana wetu bado wamesimama sokoni, na jua linakaribia kuzama. Tusiwapelekee tena jina la mtu wa kumchukia. Tuwapelekee hesabu, na twende nao kwa yule anayepaswa kuijibu, hata akiwa mwenzetu.