GEJI YA VOLTI KWENYE PIKIPIKI: KUIFUNGA NA KUISOMA

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vyenye pikipiki za bodaboda, Kisiwani Mombasa

Nimeombwa nizungumze juu ya kijidude kidogo ambacho bei yake haifiki ya tairi: geji ya volti. Wengi wenu mmekwisha kuiona madukani, ina namba zinazowaka kama saa ya mkononi. Wengine huifunga kwa urembo tu. Mimi nataka tuifunge kwa faida ya kikundi.

Pikipiki ziliongezeka sana baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT mwaka wa 2008 kwa zile ndogo zisizofika sisi 250, na vikundi vingi vikaweka akiba huko. Sasa, pikipiki ya kikundi mara nyingi ina madereva wawili, wa mchana na wa usiku. Betri ikifa, huyu humwambia yule, "Wewe ndiwe uliyeacha swichi wazi." Yule naye hujibu kwamba alikabidhiwa betri imekwisha. Mweka hazina hutoa pesa, betri mpya hununuliwa, na baada ya miezi miwili nayo hufa. Hapo ndipo maneno huanza na michango husimama. Hakuna aliyeiba. Ni kwamba hakuna aliyejua hali ya betri ilipopokezanwa.

Na kisiwa chetu hiki hakiipendi betri. Joto huifanya ipoteze maji na chaji upesi. Hewa ya bahari huzila nati na vichwa vya waya. Tena safari zetu ni fupi fupi: Kibokoni mpaka Markiti, Markiti mpaka Makadara, na foleni ya Likoni unazima na kuwasha, kuzima na kuwasha. Kila ukibonyeza stata umekopa umeme mwingi, na mwendo wa dakika tano hauulipi. Ongeza waya wa kuchajia simu na taa za rangi, mwisho wake mnaujua. Na si kusukuma pikipiki tu ninakokuogopa. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, watoto hutoka mlangoni mbio moja kwa moja njiani. Betri ikilegea, honi hulia kama paka mgonjwa, na taa ya breki haionekani.

Haya, volti ni nini? Chukulia tangi la maji juu ya nyumba. Tangi likijaa, maji ya mfereji hutoka kwa nguvu. Likipungua, hutiririka kidogo kidogo. Volti ni nguvu ile ya msukumo. Jina lenyewe limetokana na Alessandro Volta, Mwitaliano aliyetengeneza betri mwaka wa 1800.

Tuje kwenye kufunga. Chagua mahali kwenye usukani karibu na geji ya mwendo, dereva aone bila kuinamisha kichwa. Kata mpira wa tyubu kuukuu uuweke chini ya kibano, utazuia mtikisiko na utatenga bati na bati, maana alumini ikigusana na skrubu ya chuma katika hewa yetu ya chumvi huoza upesi. Zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili kabla hujakata waya, usije ukavutika. Uache waya uning'inie kidogo chini kabla ya kuingia kwenye geji, ili maji ya mvua yadondokee hapo, yasiingie ndani.

Geji ina waya mbili, nyekundu na nyeusi. Nyeusi ipeleke moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Usiifunge kwenye fremu yenye kutu, itakudanganya. Nyekundu usiifunge kwenye betri moja kwa moja! Geji nayo hula umeme. Ikila miliampia 15 mchana na usiku, betri ndogo ya ampia 5 kwa saa itakwisha kwa wiki mbili hivi pikipiki ikiwa imelala tu. Itafute waya ambayo haina umeme swichi ikizimwa, na ina umeme ikiwashwa. Msitegemee rangi, kila kampuni ina rangi zake; tumieni taa ya kupimia. Wekeni fyuzi ndogo ya ampia 1 au 2 karibu na pale unapochukulia umeme. Kiungo kitiwe lehemu na kufunikwa vizuri. Kusokota waya na kubandika tepu peke yake, hapa pwani, ni kazi ya miezi michache.

Ukimaliza, pima betri yenyewe kwa mita ya fundi, ulinganishe. Geji ikionyesha pungufu kwa 0.2 si ajabu, umeme hupotea kidogo njiani kwenye swichi. Andika tofauti hiyo, uihesabu kila mara.

Sasa kusoma, na hapa naomba tusikilizane. Namba ile ile ina maana tofauti kwa wakati tofauti. Asubuhi, pikipiki imelala usiku kucha, fungua swichi bila kuwasha injini. Ukiona 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 imekwisha, ichajiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu betri ikiachwa tupu huharibika kabisa ndani. Ukitoka kuendesha sasa hivi ukapima, itaonyesha zaidi ya ukweli, iache itulie.

Bonyeza stata, macho kwenye geji. Itashuka, ni kawaida. Lakini ikiwa ilikuwa 12.6 na sasa imeporomoka mpaka 8, ama betri imechoka ndani, ama vichwa vyake vina uchafu. Anza na vichwa: visugue, vioshe kwa maji ya magadi, vikauke, kaza, paka grisi. Hiyo haina gharama.

Injini ikishika kasi ya kawaida, geji ipande mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kuzidi kushuka, betri haipati chaji. Kosa liko kwenye viungo, koili ya chaji au regileta. Ikipita 15, regileta imekufa, maji ya betri yatachemka na balbu zitaungua. Katika hali zote mbili kununua betri mpya ni kutupa pesa. Hii ndiyo sababu hasa iliyonileta hapa.

Kwa hiyo kila kikundi kiwe na daftari. Kila zamu inapobadilishwa, madereva wote wawili waisome geji pamoja: swichi wazi, halafu injini ikizunguka. Namba mbili na sahihi mbili.

Na betri iliyokufa kweli msiivunje nyumbani kutoa risasi. Mnakumbuka Owino Uhuru, hapo Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, wakiwemo watoto. Mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu ilipoirudisha fidia hiyo Desemba 2024. Irudisheni dukani mnapochukua mpya, mara nyingi hupunguziwa bei.

Basi, pikipiki ya kikundi iko hapo nje na nimekuja na geji moja. Mwenye bisibisi na atangulie.