Usichomoe: Katheta ya Vena Iliyoingia Ateri, na Mpango wa Kisiwani

Mada kwa semina ya madaktari na wauguzi, Forodhani, Unguja



Natetea jambo moja: katheta nene ikigundulika imo ndani ya ateri, iachwe palepale hadi awepo wa kuishona ateri hiyo.

1. Kosa linavyotokea

Shingoni, vena ya jugula na ateri ya karotidi hulala ubavu kwa ubavu. Katika njia iliyotokana na ile aliyoieleza Seldinger wa Sweden mwaka 1953, sindano hutangulia, waya hufuata, kisha kipanuzi, mwisho katheta. Sindano peke yake ikichoma ateri, huchomolewa na pakakandamizwa. Kipanuzi kikishapita, tundu ni jingine: katheta ya 7 French huzidi milimita 2, na za kusafishia damu hufika 4.

Rangi ya damu isituhadae. Mgonjwa mwenye presha ya chini na upungufu wa oksijeni hutoa damu nyeusi, isiyoruka, hata kutoka kwenye ateri. Kabla ya kupanua, ultrasaundi ioneshe waya umo ndani ya vena. Shaka ikibaki, pima shinikizo kwenye katheta au gesi za damu.

2. Kwa nini tusichomoe

Kidole kikikaza karotidi, damu ya ubongo hupungua; kikilegea, damu hujaa shingoni na kubana njia ya hewa. Ateri iliyo chini ya mtulinga kidole hakiifikii. Kiharusi na kifo vimeshatokea. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Usingizi cha Marekani, wa 2012 na ule wa 2020, unaagiza kwa watu wazima: iache, mwite daktari wa upasuaji mara moja. Kwa watoto, kila mmoja huamuliwa kwa hali yake.

3. Hatua za mwanzo

- Funga njia zote za katheta. Usipitishe dripu wala dawa.
- Ibane isisogee, na iandikwe wazi kuwa imo ndani ya ateri.
- Pima fahamu, usemi na nguvu za mikono, tena na tena.
- Ahirisha operesheni isiyo ya dharura.
- Usichelewe: damu huganda kwenye katheta na kupanda ubongoni. Heparini iamuliwe pamoja na daktari wa upasuaji.

4. Bahari iliyo kati

Kutoka hapa hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu. Ikibidi rufaa ya Muhimbili au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, zilizoko Dar es Salaam, boti ya kasi huchukua takriban saa mbili, nayo haiondoki kila saa. Katheta iliyoachwa ndiyo inayoziba tundu njiani. Aliyechomolewa akianza kuvuja baharini hana wa kumshona.

5. Mapendekezo

Tuazimie matatu: ultrasaundi iwepo kila panapowekwa katheta hizi, simu za madaktari wa upasuaji wa mishipa ya damu zibandikwe wodini, na muuguzi yeyote awe na haki ya kusema "usichomoe", asikilizwe hata na bingwa.