Ngazi ya Mahakama

Leo nianze na ninyi mlioko Majengo, mjini Sumbawanga. Tuseme jirani yako amekushitaki kwa deni la magunia matatu ya mahindi. Umekwenda Mahakama ya Mwanzo, umesikilizwa, na hakimu amekata shauri: umeshindwa. Wewe waona umeonewa. Je, mambo yamekwisha?

Hayajakwisha. Mahakama za nchi yetu zimepangwa kama ngazi. Chini ipo Mahakama ya Mwanzo. Juu yake ipo Mahakama ya Wilaya. Kisha Mahakama Kuu, ambayo ina kituo chake hapo hapo Sumbawanga. Juu kabisa ipo Mahakama ya Rufani, iliyoundwa mwaka 1979, kwa sababu mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilikufa pamoja na Jumuiya ya zamani mwaka 1977. Kupeleka shauri lako juu ndiko kukata rufaa.

Zamani haikuwa hivi. Enzi za Mwingereza, mashauri ya Wafipa yalikatwa barazani kwa Mwene na watu wake, na asiyeridhika alikwenda kwa Bwana Shauri. Basi mtu huyo huyo aliyesimamia kodi yako ndiye aliyekuhukumu! Sheria ya mwaka 1963 iliweka mahakimu ambao si watawala, na ngazi moja kwa watu wa rangi zote.

Sasa sikilizeni habari ya kweli, kutoka Wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Mama mmoja alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka akaona hana wa kumtunza. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu mmoja wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo, akasema: kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ikakubali, ikamwamuru mama arudishe fedha.

Mama akapanda ngazi. Mahakama ya Wilaya ikasema la, Katiba yetu sasa ina haki za binadamu, zilizoingizwa mwaka 1984, nayo yakataza kumbagua mtu kwa kuwa ni mwanamke. Yule ndugu naye akapanda, akafika Mahakama Kuu, Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaitupa rufaa yake: mwanamke aweza kuuza kama mwanamume awezavyo. Shamba moja, mahakama tatu. Na neno lililosemwa juu lilikuwa kubwa kuliko shamba lenyewe, kwa maana mahakama za chini hufuata uamuzi wa mahakama za juu. (Siku hizi usipeleke shauri la shamba Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya mwaka 2002 iliyapa mashauri ya ardhi mabaraza yake.)

Lakini kwa nini watu humtii jaji? Hana jeshi. Hata Marekani ni vivyo hivyo. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya huko ilisema si halali kutenga shule za watoto weusi na weupe. Mwaka 1957, katika mji wa Little Rock, gavana aliweka askari kuwazuia watoto weusi tisa wasiingie shuleni. Mahakama haikuwa na bunduki hata moja. Rais Eisenhower ndiye aliyepeleka jeshi ili amri ya mahakama ifuatwe. Serikali isipotii, hukumu ni karatasi tu.

Kwetu, Katiba yasema Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki. Rais humteua jaji, lakini hawezi kumfukuza kwa kuchukia hukumu yake. Lazima iundwe tume ya kuchunguza kwanza. Na jaji hasemi “umeshindwa” akanyamaza. Huandika sababu zake, ili aliye juu yake azipime, na wewe uzisome.

Hapo ndipo kisomo chako kina kazi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30, tangu siku ya hukumu. Usizimalize kulalamika kilabuni. Omba nakala ya hukumu mara moja, soma sababu, uandike kwa nini hukubali. Ukichelewa, itakubidi kwanza uombe ruhusa na kueleza sababu ya kweli. Na kufika Mahakama ya Rufani kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo ni kugumu zaidi: Mahakama Kuu lazima ithibitishe kwamba lipo jambo la sheria la kuamuliwa.

Mwalimu, andika ubaoni: hukumu, nakala, sababu, rufaa. Kisha kila mwanafunzi aandike tarehe ya leo, ahesabu siku 30 mbele, aandike tarehe atakayofikia.