Diski za Breki za Pikapu Yetu



Leo sisemi juu ya mbolea wala maji ya kuchemsha. Nasema juu ya breki. Najua wengine mtasema, "Mwalimu, sisi hatuna magari, hayo ni mambo ya madereva." Lakini nani hapa hajapanda pikapu ya ushirika kwenda Mombo? Kabichi zinashuka nayo, wagonjwa wanashuka nayo. Na mteremko wa Lushoto mnaujua: upande huu mlima, upande ule korongo.

Mwezi uliopita gari lilianza kutetemeka kila dereva alipokanyaga breki. Kamati ikakaa. Wengi tukasema zinunuliwe pedi mpya tu, maana diski ni ghali. Mimi nami nilinyoosha mkono. Tulikosea.

Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, pedi mbili huibana sahani hiyo, moja huku na moja huku. Hapo gari hupunguza mwendo. Lakini kubana huko huleta joto, na chuma hulika kidogo kidogo, kama panga linalonolewa kila siku. Diski ikiwa nyembamba mno hupata moto upesi. Inaweza hata kupasuka.

Fundi alipofungua gurudumu la mbele, mama mmoja wa darasa letu la jioni alikuwa pale akisubiri mzigo wake. Akainama, akasoma kwenye chuma: MIN 18 mm. Akauliza, "Fundi, hii kumi na nane ya nini?" Fundi akamweleza kuwa ndio unene wa mwisho. Chini ya hapo diski haifai tena. Basi wakapima. Rula ya shule ikaonyesha 20. Kumbe rula ilikaa kwenye ukingo, mahali pedi haifiki, na chuma cha hapo hakiliki! Fundi akaleta kipimo chake, akapima pale pedi inapopita. Ikawa 16. Ubishi wa kamati ukaisha.

Sasa kazi yenyewe. Pikapu yetu ni ya zamani, inavuta kwa magurudumu yote manne. Diski yake imefungwa nyuma ya habu. Ili itoke, lazima fundi afungue friwili, nati kubwa na beringi. Beringi huoshwa na kupakwa grisi mpya, na mchanga usiingie hata chembe. Hiyo ni kazi ya fundi, msiijaribu nyumbani.

Lakini kuangalia tunaweza. Gari lisikae juu ya jeki peke yake, liwekewe stendi imara, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Kalipa isining'inie kwenye mpira wake wa breki, ifungwe kwa waya. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo. Pedi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, nayo huharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, nayo lazima yaoshwe yote. Tena diski hubadilishwa mbili, kulia na kushoto, pamoja na pedi mpya. Ukibadilisha moja, gari linaweza kuvuta upande mmoja ukikanyaga breki.

Kijana mmoja aliniuliza kama oili ya injini yafaa kuongezwa kwenye breki. Hapana! Inaharibu mipira ya ndani, na breki zitakufa.

Kazi ilipokwisha, dereva alikanyaga pedali mara nyingi gari likiwa limesimama, mpaka ikawa ngumu. Asingefanya hivyo, mara ya kwanza mguu ungezama mpaka chini bila breki kushika. Siku za kwanza alikanyaga polepole ili pedi na diski zizoeane, na mteremkoni anatumia gia ndogo.

Yule mama ameandika katika daftari la gari tarehe, kilomita, na unene wa diski zote mbili. Daftari liko kwa katibu. Anayetaka kulisoma aende ofisini.