Kufuli la Jirani



Dominika hii napenda tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukishika kila siku bila kukifikiri, nacho ni kufuli. Sisemi kufuli kwa mfano tu, bali kufuli lenyewe la chuma, lile tulitialo mlangoni tunapokwenda shambani, kazini au kanisani. Wapo watu wanaojifunza kufungua makufuli bila ufunguo, si kwa kutafuta riziki kama mafundi, wala kwa nia ya kuiba, bali kwa kujiburudisha, kama wengine wachezavyo bao au drafti. Nchini Ujerumani wapenzi wa mchezo huo waliunda chama chao mwaka 1997. Hukutana, hufundishana, hata hushindana nani atafungua upesi. Wala jambo lenyewe si geni kabisa: Mfalme Louis XVI wa Ufaransa, aliyeuawa mwaka 1793, alikuwa na karakana yake ya vitasa katika jumba la Versailles, akajifunza kazi hiyo kwa mikono yake.

Mzazi asikiaye habari hizi hushtuka. Akimkuta mwanawe ameketi na kufuli na vyuma vyembamba mkononi, huuliza: kuna tofauti gani kati ya mtoto huyu na mwizi? Swali hilo ni la haki, na katekista akiulizwa hana budi kuwa na jibu. Tulitafute pamoja.

Tuanze na kazi yenyewe, maana si vema kuhukumu jambo tusilolijua. Ndani ya kufuli la kawaida mna silinda ndogo, ambayo ndiyo izungukayo tunapouzungusha ufunguo. Silinda hiyo huzuiwa na pini, mara nyingi nne, tano au sita, na kila pini ni vipande viwili vinavyosukumwa na springi. Meno ya ufunguo huinua kila pini kwa kimo chake, hata mahali vipande vinapokutana pakalingana na ukingo wa silinda. Hapo silinda huwa huru, na kufuli hufunguka. Wazo hili ni la zamani sana. Makufuli ya mbao yenye vijiti vya namna hiyo yalitumika Misri karne nyingi kabla ya Mmarekani Linus Yale mdogo kulipatia, katika miaka ya 1860, sura tunayoijua leo.

Anayejifunza hutumia vyuma viwili. Kimoja huisukuma silinda kidogo tu kuelekea upande wa kuzungukia. Kingine hupapasa pini moja moja. Kwa kuwa hakuna fundi awezaye kutoboa matundu yakalingana sawasawa kabisa, daima iko pini moja inayobanwa kabla ya wenzake. Hiyo ndiyo hutafutwa kwanza. Ikifika kimo chake, husikika mlio mdogo, na silinda husogea kiasi cha unywele. Kisha hutafutwa inayofuata, mpaka ya mwisho.

Na hapa karibu kila mwanafunzi mpya hukosea jambo lile lile: hutumia nguvu. Akikaza sana, pini zote hubanwa pamoja, wala hawezi tena kuitambua moja na nyingine. Mkono unamwuma, jasho linamtoka, na kufuli limenyamaza. Wenye ujuzi humwambia alegeze mkono, asikilize, aanze upya. Humpa kwanza kufuli lililoachiwa pini moja au mbili tu, kisha huongeza polepole. Wazee wetu walisema subira ni ufunguo wa faraja. Huyu hujifunza maneno hayo kwa vidole vyake. Kijana azoeaye kuketi saa nzima mbele ya shida ndogo bila kukasirika amepata kitu ambacho wengi wetu tuliokwisha zeeka bado tunakitafuta.

Lakini bado hatujajibu swali la mzazi. Basi tusikilize habari moja ya kweli. Mwaka 1851 yalifanyika London Maonyesho Makubwa ya kazi za mataifa yote. Miongoni mwa waliokuja alikuwako fundi Mmarekani, jina lake Alfred Charles Hobbs. Waingereza wakati ule waliyategemea mno makufuli ya aina mbili. La kwanza ni lile la Chubb, lililobuniwa mwaka 1818. Hilo lilikuwa na kifaa cha pekee: mtu akilichokonoa na kuinua kipande kimoja kupita kiasi, lilijikaza lenyewe, na mwenye nyumba akirudi na ufunguo wake alitambua kwamba yuko aliyejaribu kuingia. La pili ni lile la Bramah, lililowekwa kwa miaka mingi katika dirisha la duka mtaa wa Piccadilly, pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa yeyote atakayeweza kulifungua. Hobbs alilifungua la Chubb mbele ya mashahidi kwa muda wa dakika 25 hivi. La Bramah lilimchukua kama saa 51, zilizogawanyika katika siku 16, chini ya kamati ya waamuzi. Akapewa zawadi yake.

Watu wengi walifadhaika. Wengine walinung'unika kwamba si vema kutangaza hadharani udhaifu wa makufuli, maana wezi watajifunza. Hobbs na waliomwunga mkono walijibu kwa maana hii: wezi wanaijua kazi yao tangu zamani, anayedanganyika ni mwenye mali, alalaye usingizi akitegemea chuma kisichomlinda. Na kweli, baada ya fadhaa ile watengenezaji walirudi karakanani, wakayarekebisha makufuli yao.

Sasa angalieni, ndugu zangu. Vidole vya Hobbs vilifanya kazi ile ile ambayo vidole vya mwizi hufanya. Tofauti ilikuwa katika mambo yaliyotangulia kufungua: wenye kufuli walikubali, masharti yaliandikwa, mashahidi waliwekwa, na kazi ikafanyika mchana, mbele ya watu. Ndiyo sababu hata wapenzi wa mchezo huu siku hizi humfundisha mwanafunzi kanuni mbili kabla ya yote. Ya kwanza: usiguse kufuli lisilo lako, isipokuwa mwenyewe amekuruhusu. Ya pili: usijifunzie kwenye kufuli linalotumika, hata kama ni la kwako, maana chuma huweza kuvunjikia ndani na pini zikakwama, na aliyejifunzia kwenye mlango wa nyumba yake atalala nje.

Bwana wetu naye, katika mfano wa Mchungaji Mwema, hakumtambulisha mwizi kwa vyombo alivyoshika, bali kwa njia aliyoingilia. Asiyepita mlangoni, asiyekaribishwa na mwenye zizi, huyo ndiye mwizi, hata kama mikono yake ni mitupu. Amri ya Saba haimkatazi mtu kujua; humkataza kutwaa na kushika kisicho chake kinyume cha haki.

Hata hivyo, ujuzi huu una siku yake ya kujaribiwa. Fikirini habari za kijana aliyehangaika majuma mengi, na jioni moja kufuli lake la kwanza likafunguka mkononi. Furaha yake ni kubwa, na ni halali. Lakini akiinua macho na kuitazama mitaa ya kwao, ataona jambo ambalo hakuliona jana. Kufuli la duka, kufuli la banda la kuku la mama mjane, kufuli la chumba cha mpangaji mwenzake, mengi ni ya aina ile ile. Atatambua kwamba si chuma peke yake kilicholinda mali za watu wale miaka yote. Zililindwa zaidi na uaminifu wa waliopita pale usiku na mchana bila kunyosha mkono. Tangu jioni ile, yeye mwenyewe amekuwa sehemu ya kufuli la jirani yake. Akifungua mara moja tu kwa utani, mchovya asali hachovyi mara moja. Na lile kufuli la Chubb lina mfano wake ndani yetu: dhamiri iliyochokonolewa hukaza, ikamjulisha mwenyewe kwamba kuna kilichoguswa isivyo halali. Heri anayesikia mapema.

Kwa hiyo, mzazi unayemkuta mwanao na vyuma hivyo, usianze kwa kofi, wala usinyamaze. Mwulize maswali matatu. Kufuli hili ni la nani? Nani amekuruhusu? Nani mwingine anajua kwamba unajifunza? Akikujibu mara moja, bila kuinamisha macho, keti naye akufundishe. Mwambie pia kwamba sheria za nchi hazifanani, na kwamba katika nchi nyingi kukutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba, bila sababu ya halali, ni kosa la jinai; basi azijue sheria za nchi yake, na vyombo vyake vikae nyumbani.

Nanyi makatekista, wengi wenu mmekabidhiwa funguo za parokia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 938, yaagiza ufunguo wa tabernakulo utunzwe kwa uangalifu mkubwa kabisa. Kanisa halikutosheka na kufuli. Limemtaka mtu mwaminifu asimame nyuma ya kufuli. Tena mmekabidhiwa milango isiyo ya chuma. Mnajua habari za ndoa za watu, madeni yao na machozi yao. Mnajua neno gani likisemwa litamfungua fulani, na neno gani litamvunja. Huo nao ni ujuzi wa kufungua, na kanuni yake ni ile ile: usiingie usipokaribishwa, na ulipokaribishwa usitoke na kitu kisicho chako.

Jioni ya leo, utakapofunga mlango wako, kumbuka kuwashukuru jirani zako kimoyomoyo. Maana kufuli lako ni dogo, na wao ndio wanaokulinda. Kisha jiulize kama wao nao wanaweza kulala kwa amani kwa sababu wewe uko karibu.

Mungu awabariki nyote. Tumsifu Yesu Kristo.