Umri wa Baiskeli Hausomwi Kwenye Rangi

Ndugu msikilizaji, fundi baiskeli akiigeuza baiskeli ya mteja juu chini, wapita njia hudhani anaziba pancha tu. Leo nataka kukuonyesha kwamba huko chini, penye matope na grisi, ndiko baiskeli inakohifadhi cheti chake cha kuzaliwa.

Nazungumzia baiskeli za milimani: zile zenye matairi manene, hendeli pana na gia nyingi. Hasa zile za mwanzo zilizoundwa Uingereza katika miaka ya 1980. Siku hizi zina watu wanaozitafuta kwa hamu na kuzilipia, na penye wanunuzi hawakosekani wenye maneno matamu. Muuzaji anakwambia, "Hii ni ya mwaka 1982, Mwingereza halisi!" Je, utajuaje kama anasema kweli?

Pengine utauliza: mwaka una uzito gani? Uzito wake ni haki ya mtu. Hadithi inayosimuliwa kila mahali ni ya California, Marekani, ambako Joe Breeze aliunda baiskeli zake za kwanza za aina hii mwaka 1977, na Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanzisha biashara yao mwaka 1979. Ni kweli tupu. Lakini kufikia mwaka huohuo wa 1979, katika vilima vya Chiltern karibu na London, Mwingereza aitwaye Geoff Apps alikuwa na baiskeli yake ya kupita porini, na hakuwa ameiga Wamarekani. Wao walitaka kuteremka mlima kwa kasi. Yeye alitaka kupenya kwenye tope la Kiingereza taratibu. Kwa hiyo aliinua pedali juu ya ardhi, akatumia breki za dramu ambazo haziogopi tope, na akaagiza kutoka Finland matairi ya kutembelea kwenye theluji. Baadhi ya matairi hayo aliwapelekea Fisher na Kelly huko California. Kati ya 1982 na 1984 aliuza baiskeli chache kwa jina la Cleland, kisha biashara ikafungwa. Ubishi wa nani alitangulia nani huamuliwa na vyuma vyenye tarehe. Anayebandika mwaka wa uongo anavuruga ushahidi huo.

Basi tuanze kazi. Kwanza, usiamini stika. Jina la Kiingereza halina maana kwamba fremu ilichomewa Uingereza. Kampuni kadhaa za huko ziliagiza baiskeli zao Asia na kuzibandika majina yao. Muddy Fox, jina lililotamba sana London, ilileta nyingi kutoka Japani. Zilikuwa baiskeli nzuri, ila Japani si Nottingham.

Pili, tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya kikombe cha pedali au karibu na bomba la siti. Chukua Raleigh. Namba zao za wakati huo zilianza na herufi ya kiwanda, N ikiwa Nottingham. Herufi iliyofuata ilionyesha kipindi cha mwaka, na tarakimu ya kwanza ilikuwa ya mwisho ya mwaka wenyewe. Ukikuta 5, inaweza kuwa 1975 au 1985. Hapo akili inafanya kazi: mwaka 1975 Raleigh haikuwa na baiskeli ya milimani, basi ni 1985.

Tatu, soma vipuri. Shimano wa Japani, ambao gia zao zilifungwa hata kwenye fremu za Kiingereza, waligonga herufi mbili nyuma ya vyuma vyao. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, B 1977, na kuendelea hivyo. Ya pili ni mwezi, A Januari hadi L Desemba. Kwa hiyo KC ni Machi 1986. Lakini kuwa mwangalifu, kwani mwaka 2002 mwaka ulirudi tena kwenye A.

Sasa rudi kwa yule muuzaji wa "1982". Ukikuta KC kwenye gia peke yake, huenda gia ilibadilishwa, vipuri huchakaa. Ukikuta gia, breki na habu za magurudumu yote mawili zina herufi za miezi inayokaribiana ya 1986, basi hata fremu ina maswali ya kujibu. Kipuri kimoja ni shahidi mmoja. Mashahidi wanne wasiopingana ni jambo jingine.

Nne, tazama umbo. Breki zile ndefu ziitwazo V zilitoka mwaka 1996, hivyo hazikuzaliwa na baiskeli ya 1985. Foki zenye springi zilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na ukikutana na fremu ya alumini yenye bomba za mraba, simama uitazame vizuri: huenda ni Pace ya Yorkshire, ya mwishoni mwa miaka ya 1980.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa baiskeli nitaongeza kwamba kibaya hupakwa rangi kwanza. Rangi mpya huziba namba, na msasa huifuta kabisa. Namba iliyosagwa kwa tupa ni onyo jingine: huenda baiskeli iliibwa. Kwa hiyo, iwe ni Raleigh aliyokuachia babu au ya mtumba uliyonunua jana, kabla ya kumkabidhi fundi igeuze juu chini, pangusa tope kwa kitambaa, na uiandike namba yake kwenye daftari. Kilichofutwa hapo hakuna kiwanda kitakachokirudisha.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.